Meno Yanauma

Kila asubuhi nyumbani kwetu ilianza kwa sauti ya meno. Bibi aliyatoa kwenye kikombe chake cha plastiki chenye mfuniko wa kijani, akayasuuza bombani, akayatia mdomoni, na mimi jikoni nikasikia tak! ya meno ya juu, kisha tak! nyingine hafifu, ya meno ya chini. Hiyo ndiyo ilikuwa saa yangu. Nikiisikia nawasha jiko, nabandika sufuria ya uji, nakata mkate na kuutoa maganda, kwa maana Bibi hakupenda maganda ya mkate. Alisema yanamkwaruza roho.

Siku hiyo nilisikia tak zote mbili, nikawasha jiko, na kabla sijabandika sufuria mkono wa Bibi ukapita mbele yangu ukazima moto.

"Leo hapapikwi," akasema.

Nikageuka. Alikuwa amesimama na gauni lake la kulalia, kitambaa cha kichwa kimekaa upande, na mkononi ameshika karoti. Nzima, ina majani yake na udongo kidogo kwenye mkia.

"Bibi, kuna nini?"

"Kuanzia leo nakula vibichi. Mboga mbichi, matunda mabichi, moto basi. Jirani yetu wa ghorofani anakula hivyo, na siku hizi anapanda ngazi huku anaimba."

"Vyote vibichi?"

"Vyote. Hata hii." Akaniinulia ile karoti karibu na pua, kama dereva anayemwonyesha askari leseni. "Hii hapa. Nzima. Ngumu. Unaiona?"

"Naiona."

"Ngumu sana," akarudia, akanitazama machoni, akangoja.

Ningekuwa mwerevu, mambo yangeishia hapo hapo kando ya jiko. Lakini mimi nilirusha mwiko juu kwa furaha, ukagonga dari, ukaangukia kwenye ndoo ya maji.

Nilikuwa na sababu. Muuguzi wa kliniki alikuwa amemwambia Bibi, mimi nimeketi pembeni, kwamba presha yake imekaa juu kama paka juu ya paa, haitaki kushuka. Vidonge aendelee navyo, lakini chakula lazima kibadilike: mkate upungue, sukari ya uji ipungue, chumvi ipungue, mboga na matunda viongezeke. La sivyo dawa itaongezwa, na Bibi alikuwa amekwisha kuchoshwa na hiyo moja. Niliogopa. Mama yangu, binti yake, alifariki nikiwa sijaanza shule, na tangu hapo Bibi ndiye mama, ndiye baba, ndiye shoga yangu. Akiwa na furaha huniita mke mwenza. Miezi yote tangu siku ile ya kliniki nilikuwa nikimwekea saladi mezani, naye anaisukuma pembeni kwa uma, taratibu, kama mtu anayemsogeza mtoto aliyelala.

Sasa leo mwenyewe, kwa kinywa chake, anataka vibichi! Nilimkumbatia pamoja na karoti yake.

"Nitakusaidia, Bibi. Tutakula wote. Hutakula peke yako hata siku moja."

"Wote?" Bibi akasema, sauti imepungua kidogo.

"Wote!"

Mjomba akaingia akipiga miayo. Ni kitindamimba wa Bibi, fundi wa majokofu, anaishi chumba cha uani na hula kwetu kila mlo bila kuchelewa. Akaangalia jiko.

"Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa. Tumeanza kula vibichi."

"Tume? Nani kanihesabu mimi?"

"Nyumba moja, jiko moja," Bibi akasema. "Likizimwa limezimwa."

"Mama, mimi natengeneza majokofu, siishi ndani yake. Haya, na maharage?"

"Maharage mabichi ni sumu, Mjomba," nikamwambia. "Hayo tunayaacha."

"Mayai?"

"Tunayaacha."

"Nyama?"

"Hata ndoto yake usiote."

"Sasa kinacholiwa ni nini?"

Bibi akamnyooshea karoti. "Hii," akasema, lakini alikuwa akinitazama mimi. "Hii ngumu."

Mjomba akaifuta udongo kwenye suruali yake ya kazi, akaing'ata, kwaa!, akatafuna. Uso wake ukafunguka. "Kumbe tamu!" Bibi alitazama taya zake zikienda juu na chini, na macho yake yalijaa kitu ambacho nilidhani ni tamaa ya kuanza.

Lazima nieleze kuhusu yale meno, kwa sababu niliyatengeneza mimi.

Nilisomea utengenezaji wa meno ya bandia, na seti ya Bibi ndiyo ilikuwa seti yangu kamili ya kwanza, kazi yangu ya mwisho chuoni. Nilichukua alama ya fizi zake, nikamwaga plasta, nikachonga nta, nikapanga jino moja moja kama mtu anayepanga shanga. Siku ya kumvalisha, kliniki ya chuo ilijaa wanafunzi, na mwalimu wetu amesimama na kalamu yake. Nilimpa Bibi kipande cha mkate mgumu. Akauma. Nikamuuliza kwa sauti iliyokuwa haitoki vizuri, "Yanauma, Bibi?"

Bibi akafumba macho. Chozi likamtoka, likateremka hadi kidevuni. "Yanauma, mjukuu wangu," akasema. "Yanauma kweli kweli!"

Nilipiga kelele. Mimi, ambaye hata salamu huitoa kwa kunong'ona, nilipiga kelele nikaruka, nikamkumbatia mbele ya darasa zima, na wenzangu wakapiga makofi. Tangu siku ile, kila nilipojiona si lolote, nilikumbuka chozi la Bibi na neno lile moja, nikainua kichwa.

Basi, tukaanza. Nilitoka kazini nikapita sokoni, na soko ambalo siku zote nilikuwa nalipita nimeinamisha macho likawa kama limepakwa rangi upya. Nyanya zilinimeremetea. Maembe mabichi na mabivu yalikaa bega kwa bega, matango yamelala kama watoto, pilipili hoho nyekundu, kijani, manjano. Nilijikuta nabishana na muuza kabichi kwa sauti, na yeye akacheka akaniongezea kitunguu. Nyumbani nilijaza beseni maji, nikatia chumvi, nikaosha kila jani upande huu na upande huu, naimba. Nilikamua limau. Nilikata papai vipande vinene. Mjomba alipewa kazi ya kumenya matango, akalalamika kwamba yeye ni fundi mwenye cheti, kisha akayamenya mistari mistari ya kupendeza na kuanza kujisifu.

Mwili nao ukaitika. Niliamka mwepesi. Nilipanda ngazi za karakana bila kushika ukuta. Mjomba aligundua kwamba mkanda wake umeingia tundu jipya, akawa anamwonyesha kila mteja mwenye jokofu bovu. "Tazama hapa," anasema, "kabla hujanieleza habari za barafu, tazama hapa."

Bibi peke yake ndiye aliyekuwa na mambo yake.

Papai alikula. Parachichi alilila mpaka ganda likabaki kama kikombe kilichooshwa. Lakini kila tulipokaa mezani aliomba karoti nzima, akaiweka kando ya sahani yake kama mtu aliyeweka bendera.

"Karoti hii ina ubishi," akasema siku moja, akinionyesha ncha yake. Ilikuwa na mikwaruzo midogo tu.

"Ngoja," nikasema. Kesho yake nilinunua kikwaruzo cha bati, kipya, chenye mashimo makubwa na madogo. Nikamkwaruzia karoti ikawa laini kama pamba, nikaiwekea limau.

Bibi alikigeuza kikwaruzo huku na huku.

"Umeninunulia hiki?"

"Ndiyo, Bibi!"

"Mimi nataka kuuma, mtoto wewe. Kuuma!"

"Utauma, Bibi, usiwe na haraka. Mvumilivu hula mbivu."

"Mvumilivu," Mjomba akadakia, mdomo umejaa kabichi, "siku hizi hula mbichi."

Tukacheka, na Bibi akacheka pia, lakini alikuwa ameshika shavu. Kisha akasema polepole, akilitamka kila neno, "Haya meno, jamani, yanauma."

"Najua, Bibi!" nikasema, na moyo wangu ukajaa kama beseni. Hata wakati wa shida ya karoti, Bibi hakusahau kuisifu kazi yangu.

Alipumua kwa nguvu, akachukua kijiko, akaanza kula karoti ya kukwaruzwa.

Kazini tulikuwa wawili. Karakana ya meno iko nyuma ya kliniki, chumba kirefu chenye meza mbili, mashine ya kung'arisha inayovuma kama nyuki, na rafu za plasta nyeupe za vinywa vya watu ambao wengi wao sijawahi kuwaona. Fundi Mkuu ana nywele za mvi na kioo cha kukuzia alichokifunga kwenye paji la uso, kiasi kwamba akikutazama unahisi jicho la tatu linakuchunguza. Kazi yangu ilikuwa vipande: mimi nachonga nta, yeye anamaliza, yeye anapanga meno, mimi nang'arisha. Mgonjwa wa kwangu mwenyewe, kuanzia alama ya kwanza hadi siku ya kuvaa, sikuwahi kuwa naye. Si kwamba sikupewa. Nilikuwa naogopa.

Siku hiyo akazima mashine yake.

"Binti, kuna mwalimu mstaafu anakuja Jumatatu. Seti kamili, juu na chini. Nataka umchukue wewe."

"Nitakusaidia, Fundi."

"Sikusema unisaidie. Nimesema umchukue."

Masikio yangu yakawaka moto. Niliokota kipande cha nta kisichohitaji kuokotwa.

"Nisipoweza?"

"Ulishawahi kumtengenezea mtu seti nzima?"

"Bibi yangu."

"Amerudi mara ngapi kurekebishiwa?"

Hapo nikainua kichwa. "Hata mara moja."

Fundi Mkuu akashusha kile kioo juu ya jicho lake, akanitazama kupitia hicho. "Hata mara moja?"

"Hata moja. Anasema yanauma kweli."

"Anasema hivyo?"

"Kila siku."

Akawasha mashine, akaizima tena. "Binti, mimi nimefanya kazi hii tangu hujazaliwa, na meno yangu yote hurudi. Hapa pamebana, pale pamekwaruza, mtu anarudi, unasugua kidogo, anakwenda. Ndiyo kazi. Meno yasiyorudi ni ya namna mbili tu: yaliyofungiwa kabatini, na ya mtu anayekupenda."

Nilicheka. Nilidhani ni utani wa mafundi. Bibi ananipenda, ndiyo, na meno hayako kabatini, yako mdomoni. Basi lazima kuna namna ya tatu, na ya tatu ndiyo yangu. Furaha ya vibichi ilikuwa imenipa ulimi nisiokuwa nao zamani.

"Njoo Jumapili uyaone," nikamwambia. "Njoo ule nasi vibichi. Ukiyaona yanavyouma, nami nikiona umeridhika, nitamchukua huyo mwalimu."

"Na nisiporidhika?"

"Nitaendelea kung'arisha."

Nilisema hivyo kwa mzaha, lakini nikiwa njiani kurudi nyumbani nilijua si mzaha. Nilikuwa nimeyaweka maisha yangu ya ufundi kwenye mdomo wa Bibi.

Nilipomwambia Bibi kuwa mkuu wangu anakuja kula na kuyatazama meno yake, alikaa chini.

"Kuyatazama?"

"Yanavyouma, Bibi. Nataka ajue."

"Na akijua?"

"Atanipa mgonjwa wangu mwenyewe."

Bibi alifungua mdomo kama anayetaka kusema neno, akaliangalia paji langu la uso, sijui aliona nini pale, akaufunga. "Haya," akasema. "Mungu ni mwema. Tutauma."

Jumapili meza yetu ilikuwa kama bustani. Nilipanga papai kama maua, nikaweka nyanya katikati, kabichi nyembamba kama nyuzi, matango ya mistari ya Mjomba, parachichi, na bakuli la karoti ya kukwaruzwa kwa ajili ya Bibi. Mjomba alivaa shati la kola. Fundi Mkuu alifika bila kioo chake, akaonekana mdogo na mwenye haya kama mimi, na mkononi ana mfuko.

"Sikutaka kuja mikono mitupu," akasema. "Nimeleta matufaha."

Yalikuwa mekundu, makubwa, magumu kama mipira ya mchezo. Bibi aliyaona. Akajishika shavu.

"Karibu baba, karibu sana," akasema. "Umejisumbua."

"Si usumbufu, mama."

Tukala. Mjomba alisimulia jinsi mteja mmoja alivyoficha viatu kwenye jokofu, Fundi Mkuu akacheka mpaka kabichi ikampalia, na mimi nikawa juu ya wingu. Nilitaka siku hiyo isiishe. Nilitaka na kilele chake kifike. Nikasimama. Nilisimama, mimi, mbele ya mgeni.

"Fundi," nikasema, "umekuja kuona. Basi ona." Nikachukua tufaha kubwa kuliko yote, nikalifuta, nikampa Bibi. "Bibi, uma."

"Lote?"

"Lote. Kwa meno ya mbele. Siku zote umetaka kitu kizima."

"Mjukuu wangu..."

"Uma tu, Bibi."

Fundi Mkuu alinyoosha mkono kidogo, kama mtu anayetaka kuzuia mlango usibamizwe, kisha akaurudisha. Bibi alitutazama mmoja mmoja. Akafumba macho, kama siku ile ya chuo. Akaliingiza tufaha mdomoni, akauma kwa nguvu zake zote, akavuta.

Tufaha likatoka. Meno ya juu yakatoka nalo.

Yalikuwa yamekwama pale kwenye ganda jekundu, safu nzima, fizi za waridi na yote, yanatukenulia. Bibi alilishika tufaha mbele ya uso wake, na kwa muda lilikuwa linamtazama naye analitazama.

"Jamani," Mjomba akasema kwa sauti ndogo, "tufaha limeota meno."

Bibi ndiye aliyeanza. Mabega yakatikisika, kisha kifua, kisha kicheko kikamtoka kikubwa, chenye hewa nyingi, mdomo wa juu umeingia ndani kama mfuko uliofungwa. Mjomba akapiga meza. Fundi Mkuu alijikaza, akajikaza, akashindwa, akafunika uso kwa kitambaa.

Mimi sikucheka. Nilikuwa natafuta pa kuingia, ardhi haikupasuka. Niliona kaakaa la Bibi alipokuwa akicheka. Upande wa kushoto, juu kidogo ya fizi, kulikuwa na alama nyekundu, ndefu, na nyingine kulia. Si za leo. Mimi ni fundi, najua rangi ya jeraha la leo na la siku nyingi.

Bibi akaniona. Kicheko kikakatika. Akaliweka tufaha chini, akanyoosha mkono wake juu ya meza mpaka ukafika juu ya wangu.

"Yananiuma," akasema.

Neno hilo halina sauti hata moja inayohitaji jino. Lilitoka safi, kamili, kama vile mdomo ulikuwa umelihifadhi tangu zamani kwa ajili ya siku usiyokuwa na meno.

"Nini, Bibi?"

"Yananiuma. Mimi." Akajigusa kifuani. "Tangu siku ya kwanza."

Mengine aliyasema kwa shida, hewa ikimponyoka, lakini tulimwelewa sote. "Uliniuliza kama yanauma. Nikakujibu haki ya Mungu: yanauma. Ukaruka juu, watu wakapiga makofi. Ningekushushaje, ukiwa juu vile? Nikasema nitamwambia kesho. Kesho ukarudi na cheti. Nikasema nitamwambia wiki ijayo. Wiki ijayo ukapata kazi."

Nikakumbuka maganda ya mkate. Nikakumbuka saladi zote zilizosukumwa kwa uma, na uji, na uji, na uji. Meno huuma mkate, na meno huuma mtu. Neno ni hilo hilo, na mimi nilikuwa nimechagua upande ulionipendeza.

"Na karoti?" nikauliza. "Na kula vibichi?"

Bibi akainama kidogo, kama mtoto aliyekamatwa na sukari. "Nikasema, nikishika kitu kigumu mbele yake, mtoto wa chuo, fundi wa meno, ataniuliza mwenyewe, 'Bibi, utaweza?' Nami niseme, 'Siwezi.' Basi. Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu ataling'amua. Nikakupa fumbo zima, mke mwenza. Wewe ukaenda kununua kikwaruzo."

"Subiri kwanza," Mjomba akasema, amesimama. "Subiri. Yaani mimi nimeshinda na majani wiki zote hizi, nimekosa mayai, nimekosa nyama, kwa sababu ya fumbo?"

"Kaa chini," Bibi akamwambia. "Mkanda wako umeingia tundu jipya. Na mimi presha imeshuka, muuguzi kaniambia kwa mdomo wake. Vibichi nimevipenda, sidanganyi. Ila navitaka na kelele zake. Mnavyotafuna nyinyi, kwaa, kwaa, mimi nameza kimya kimya kama samaki."

Fundi Mkuu alikuwa amelichukua tufaha. Aliyatoa meno kwa utaratibu, akayasuuza kwa maji ya glasi yake, akayageuza kwenye mwanga wa dirisha, akapitisha kidole gumba ukingoni.

"Mpangilio mzuri," akasema, kama vile tuko karakanani. "Rangi nzuri. Ukingo huu mrefu mno hapa. Na hapa. Ndiyo maana hayakai na ndiyo maana yanachoma." Akaniwekea kiganjani. "Binti. Sasa yamerudi."

Nilidhani nitalia, na nililia kidogo, sikatai. Nilimlilia Bibi wangu na kila kipande cha mkate alichokimeza akitabasamu. Lakini kabla chozi halijafika kidevuni, vidole vyangu vilikuwa vimekwisha kuugusa ule ukingo mrefu, vimekwisha kujua ni kiasi gani cha kusugua, na kitu kikaanza kunipwita kifuani, kile kile cha sokoni, cha nyanya na limau. Nilikuwa najua la kufanya! Mahali penyewe palikuwa mkononi mwangu.

"Bibi, fungua mdomo," nikasema.

"Hapa mezani?"

"Hapa hapa. Nionyeshe kila mahali. Usiache hata mahali pamoja."

Akafungua. "Hapa," akasema kwa kidole. "Na hapa. Na hapa nikipiga chafya." Na nilipogusa upande wa kulia, akapiga meza kwa kiganja: "Hapo! Hapo ndipo anapokaa shetani mwenyewe!"

Nikamgeukia Fundi Mkuu. Sikunong'ona.

"Yule mwalimu mstaafu nitamchukua mimi."

"Baada ya haya yote?"

"Kwa sababu ya haya yote. Ila nikimvalisha sitamuuliza kama yanauma. Nitamuuliza kama yanamuuma."

Fundi Mkuu akachukua tufaha lingine mfukoni, akaling'ata. "Kwaa," Mjomba akamsaidia.

Kesho yake Bibi alikuja karakanani kabla ya huyo mwalimu, amevaa gauni lake la kwenda mbali na mkoba mkubwa mkononi. Akaketi kwenye kiti. Nilipaka krimu nyeupe ndani ya meno, nikamvalisha, nikayatoa. Palipobana krimu ilikuwa imefutika, plastiki ya waridi imejitokeza wazi. Nikasugua kidogo. Nikamvalisha tena. "Yanakuuma?" "Kidogo, kushoto." Nikasugua. "Yanakuuma?" "Yule shetani bado yupo, ila amekaa chini." Nikasugua tena, nikang'arisha, vumbi la waridi limenijaa nyusi. Fundi Mkuu alikuwa na kazi yake kwenye meza nyingine na hakugeuka hata mara moja, na nilimshukuru kwa hilo kuliko kwa lolote.

Nikamvalisha. Tak! Sauti ilikuwa nyingine, nzito, kama mlango uliopata fremu yake.

Bibi alikaa akisikiliza mdomo wake mwenyewe. Kisha akafungua mkoba, akatoa karoti. Nzima, majani yake, udongo kidogo kwenye mkia.

"Bibi, hata haijaoshwa!"

"Basi ioshe, unangoja nini?"

Niliiosha mbio, maji yakanirukia kifuani. Akaipokea, akaigeuza mkononi kama mtu anayemtafuta adui wake mahali laini, akafungua mdomo.

Kwaa!

Mashine ya Fundi Mkuu ikazimika. Bibi alitafuna, kushoto, kulia, kushoto tena, sauti ikijaa chumba kizima, macho yamemtoka kwa mshangao. Alimeza. Akang'ata tena kabla sijafungua mdomo wangu kuuliza, na akatafuna tena, na juisi ya karoti ikamtoka pembeni mwa mdomo asiifute.

Halafu akanishika kidevu kwa vidole vyake vilivyolowa, akanivuta karibu, ili nisije nikasikia upande mmoja tu.

"Hayaniumi," akasema. "Yanauma."